Gari la Familia: Matunzo ya Kawaida kwa Wenye RAV4, Harrier, X-Trail, Forester na Mengine ya Aina Hiyo
Kijitabu cha elimu kwa umma

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha mtu aliyenunua gari la juu la familia, mara nyingi lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandari ya Dar es Salaam, na analitegemea kupeleka watoto shule, kwenda kazini, kubeba mizigo ya Jumamosi na kurudi nyumbani kijijini mwisho wa mwaka. Si lazima ajue kushika spana. Kinachotakiwa ni kujua gari lake linahitaji nini na lini, kisha kumwambia fundi kwa uhakika badala ya kumuuliza, "Fundi, unaonaje?"

Jambo kuu ni hili: magari haya hayafi kwa uzee peke yake. Mengi hufa kwa vimiminika vitatu, yaani oili ya injini, kulanti ya rejeta na oili ya giaboksi. Ama kimiminika kimechelewa kubadilishwa, ama kimewekwa kisicho chake. Mwenye kuvisimamia hivyo vitatu, akaongeza tairi na breki, ameshafanya sehemu kubwa ya kazi.

1. LIJUE GARI LAKO KABLA YA KULIPELEKA GEREJI

Fungua boneti utafute bamba dogo la chuma la mtengenezaji. Kwenye magari mengine bamba hilo, au stika yenye taarifa zilezile, liko kwenye nguzo ya mlango. Usiishie kwenye jina la gari. Andika vitu vitatu: namba ya modeli, aina ya injini na aina ya giaboksi. RAV4 mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana ndani. Za kizazi cha tatu zilizouzwa Japani, zenye injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, nyingi zina giaboksi ya CVT, yaani ya mkanda na puli, wakati zilizouzwa masoko mengine zina otomatiki ya kawaida. Oili ya moja huiharibu nyingine. Ndiyo maana ukimwambia muuza duka "nipe oili ya gia ya RAV4", umempa nafasi ya kubahatisha kwa fedha yako.

Sasa fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake, kisha urudi chini ya boneti. Magari mengi ya Japani huja na stika ndogo zilizoandikwa kwa mkono au kupigwa mhuri na gereji za huko, zikionyesha kilomita na tarehe ya kazi iliyofanyika: oili, au taiming belti. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa kalenda ya Kijapani. Herufi H ni Heisei: ongeza 1988 kwenye namba yake, hivyo H24 ni 2012. Herufi R ni Reiwa: ongeza 2018, hivyo R3 ni 2021. Stika ikisema taiming belti ilibadilishwa kwenye kilomita 98,000 mwaka H24, na dashibodi yako leo inasoma kilomita 71,000, umeshajua kwamba kilomita zimerudishwa nyuma. Hesabu zote za sevisi zianzie kwenye stika, si kwenye dashibodi.

Usipopata kumbukumbu yoyote, chukulia kwamba kila kitu kimefika muda wake. Fanya sevisi ya kuanzia: oili ya injini na filta yake, filta ya hewa, kulanti, oili ya giaboksi, oili ya difu kama gari ni la magurudumu manne (4WD), oili ya breki na ukaguzi wa mikanda yote. Ni gharama ya mara moja, na ndiyo itakayokupa sifuri ya kuanza kuhesabia.

Kisha nunua daftari dogo likae ndani ya gari. Kila kazi iandikwe: tarehe, kilomita, kilichowekwa (jina na daraja lake), nani alikifanya na bei. Ndani ya mwaka mmoja daftari hilo litakuonyesha oili inayopungua polepole na betri zinazokufa mapema, nalo litakusaidia kupata bei nzuri siku ya kuuza.

2. KWA NINI RATIBA YETU NI FUPI KULIKO YA JAPANI

Vitabu vya Toyota kwa soko la Japani huruhusu gari la petroli lisilo na turbo kubadilishwa oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Lakini vitabu hivyohivyo vinasema kwamba kwenye matumizi magumu muda huo ukatwe nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu ni yapi? Barabara za vumbi, safari fupi za mara kwa mara, mwendo mdogo wa muda mrefu na milima. Msomaji wa Kimara, Mbagala au Mbezi ameshajiona hapo.

Foleni ndiyo inayodanganya zaidi. Injini inayonguruma saa nzima kutoka Mwenge hadi Posta imefanya kazi saa nzima, imepata joto saa nzima, na kilomita zilizoongezeka hazifiki kumi na tano. Dashibodi inahesabu magurudumu, haihesabu injini. Nayo safari fupi ya kupeleka watoto shule na kurudi haimalizi kuipasha oili joto, kwa hiyo unyevu na petroli kidogo inayopenya hubaki ndani ya oili bila kuvukizwa.

Kwa sababu hizo, ratiba ya kijitabu hiki ni kilomita 5,000 au miezi sita kwa oili ya kawaida, kinachotangulia kifuatwe. Ukitumia oili ya sinthetiki halisi unaweza kufika 7,500. Usivuke hapo hata kama dumu limeandikwa maneno matamu.

3. OILI YA INJINI

Namba kubwa zilizo kwenye dumu, kwa mfano 5W-30, zinaeleza wepesi wa oili injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Herufi za API zinaeleza daraja la ubora. SN ni daraja zuri, na SP, lililoanza 2020, ni jipya zaidi. Mwenye injini ya petroli atafute mojawapo ya hayo, na namba za wepesi zilingane na kitabu cha gari. Dhana kwamba oili nzito "inashika" injini iliyochoka, kwa hiyo 20W-50 ni dawa ya kila gari la mtumba, imeharibu injini nyingi zenye njia nyembamba za oili na taiming cheni inayokazwa kwa mgandamizo wa oili hiyohiyo.

Kupima oili ni kazi ya dakika mbili kila Jumamosi. Egesha sehemu tambarare, zima injini, subiri dakika tano. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Kiwango kiwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Usijaze kupita alama ya juu, kwani oili iliyozidi hupigwa na shafti ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Wenye injini ya 2AZ-FE, iliyomo kwenye RAV4 na Harrier nyingi, wawe makini zaidi. Zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2006 kwa miaka kadhaa zinajulikana kwa kula oili kutokana na pistoni na ringi zake. Gari la namna hiyo linaweza kufika kilomita 5,000 likiwa na oili pungufu kwa zaidi ya lita moja, bila tone chini ya gari na bila moshi wa kutisha. Taa nyekundu ya oili haikuonyi upungufu ukiwa bado mdogo. Huwaka mgandamizo ukishaanguka, na hapo chuma tayari kinasagana na chuma.

Siku ya kubadilisha, oili itolewe ikiwa ya vuguvugu ili itoke na uchafu wake. Filta ibadilishwe kila mara, si "moja kwa mbili". Washa ya boliti ya chini nayo iwe mpya: ni ya bei ndogo, lakini ya zamani ikirudishwa ndipo fundi hulazimika kukaza kwa nguvu mpaka anakata meno ya sampu. Filta mpya ipakwe oili kidogo kwenye mpira wake na kukazwa kwa mkono.

Oili feki nyingi huuzwa ndani ya madumu halisi yaliyookotwa. Nunua kwa wakala anayetambulika, angalia lakiri ya mfuniko, na baada ya kazi toboa dumu lako kabla ya kuliacha. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala kupakwa mbao za nyumba kuzuia mchwa. Ina metali nzito na kemikali zinazosababisha saratani. Gereji nzuri huikusanya kwenye pipa na kuiuza kwa wanaoisafisha.

4. KULANTI: USIWEKE MAJI YA BOMBA

Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na chini ya hapo ukiwa Arusha au Mbeya. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, chini ya mfuniko wa rejeta wenye mgandamizo, haichemki mpaka kupita nyuzi 120. Tofauti hiyo ndiyo inayokuvusha kwenye mlima ukiwa na abiria watano na AC ikiwaka. Kulanti pia huzuia kutu na kulainisha wota pampu. Maji ya kisima ya Dodoma, Singida au sehemu nyingi za Dar es Salaam yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye mirija ya rejeta jinsi inavyoganda kwenye birika la chai.

Nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au changanya mwenyewe na maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri. Usichanganye rangi mbili kwa kubahatisha. Kulanti ya kawaida ibadilishwe kila miaka miwili. Ile ya muda mrefu ya waridi inayotumiwa na Toyota hufika kilomita 80,000 baada ya kubadilishwa, ikiwa ni halisi na mfumo ni safi.

Kuna "matengenezo" mawili ya kuogopa. La kwanza ni kutoa thamostati ili "gari lisichemshe". Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake la kazi, hula petroli zaidi na huchakaa haraka, na siku rejeta ikiziba itachemsha vilevile. La pili ni kuunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Feni itaungua mapema, na ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi ni swichi, rilei au rejeta chafu, utabaki palepale. Fundi akikupendekezea lolote kati ya hayo, mwambie atafute sababu kwanza.

Gari likichemsha barabarani, zima AC, egesha pembeni, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta kabla haijapoa kabisa. Mvuke wake huunguza uso na mikono. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi, kwani silinda hedi hupinda.

5. OILI YA GIABOKSI NA DIFU

Hapa ndipo penye gharama kubwa kuliko zote, na ndipo penye uzembe mwingi, kwa sababu giaboksi hailalamiki mapema. Wapo wanaoambiwa kwamba oili yake ni "ya maisha". Maisha hayo ni ya dhamana ya mwenye gari wa kwanza, ambaye aliliacha Japani.

Kila giaboksi ina oili yake. X-Trail ya T31 yenye CVT hutumia NS-2, ya T32 hutumia NS-3. CVT za Toyota hutumia oili za Toyota zilizoandikwa CVT, zikiwamo TC na FE. Otomatiki za kawaida za Toyota hutumia T-IV au WS kulingana na modeli. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na unategemea oili yenye msuguano maalumu ili usiteleze. Oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida haina sifa hiyo. Mkanda ukiteleza hukwaruza puli, na puli zilizokwaruzika ni giaboksi nyingine.

Badilisha kila kilomita 40,000. Usikubali kuzidisha kwenye CVT kwa sababu tu gari "bado linakwenda vizuri". Dalili za mwanzo ni gari kushtuka ukiweka D, kuvuma kunakoongezeka na mwendo, au injini kupanda mzunguko huku gari likichelewa kufuata. Giaboksi nyingi za CVT hazina kijiti cha kupimia. Kiwango hupimwa gari likiwa limenyanyuliwa sawa na oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa hiyo kazi hii iende kwa fundi anayejua utaratibu huo na mwenye mashine ya kusoma joto.

Gari la magurudumu manne lina difu ya nyuma, na mengine yana transfa. Oili hizo hubadilishwa kila kilomita 40,000, au mara moja baada ya gari kuvuka maji mengi. Mwambie fundi afungue boliti ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Akimwaga kwanza, halafu boliti ya juu ikagoma, gari litabaki hapo halina oili na haliwezi kuondoka. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Safisha, jaza mpya, na kagua sili na kipumulio cha difu.

Gari la magurudumu manne likiharibika, livutwe juu ya gari la kubebea, siyo kwa kamba huku magurudumu yakizunguka kwa kilomita nyingi.

6. TAIRI

Upepo usomwe kwenye stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, haielekezi ujaze kiasi gani. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi, na usisahau spea tairi. Ile inayoning'inia kwenye mlango wa nyuma wa RAV4 hupigwa jua mwaka mzima na huzeeka bila kukanyaga lami.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka sita likaguliwe na fundi kila mwaka, na lililofika miaka kumi liondolewe hata kama meno yake ni marefu. Mpira mkavu hupasuka kwa joto na mwendo. Tairi za mtumba zinazopakwa rangi nyeusi kando ya barabara huonekana mpya mpaka usome tarakimu hizo. Kina cha meno kikifika milimita 1.6, tairi limekwisha. Ndani ya mifereji yake kuna vibonge vidogo, na uso wa tairi ukilingana navyo ujue muda umefika.

Kwa gari la magurudumu manne, hasa Forester, tairi nne ziwe za saizi moja, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Tairi jipya moja kati ya matatu yaliyokwisha huzunguka kwa kasi tofauti na mengine, na mfumo wa kugawa nguvu hufanya kazi kama vile gari linakata kona siku nzima, mpaka unaungua. Zungusha nafasi za tairi kila kilomita 10,000 ili zichakae sawa. Usukani ukitikisika, tairi zikabalansiwe. Gari likivuta upande mmoja, pima alaimenti.

7. BREKI

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata kama hujaigusa. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji ya kutosha kiwango hicho hushuka kuelekea 140. Kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke, gari likiwa limejaa, joto hilo linafikika. Oili ikichemka hutoa mapovu, na pedali huzama bila breki kushika. Ndiyo sababu hubadilishwa kila miaka miwili. Iwe DOT iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chombo chake, kutoka kwenye chupa mpya.

Pedi za breki zikaguliwe kila kilomita 10,000, na zikifika milimita tatu zibadilishwe. Mlio mkali mwembamba unapokanyaga breki mara nyingi ni kibati cha onyo kilichowekwa makusudi. Mlio wa kukwaruza unamaanisha kwamba pedi zimekwisha na diski inaliwa. Mteremko mrefu ushukwe kwa gia ndogo, ukitumia L, S au B kulingana na gari lako, ili injini isaidie kuzuia mwendo. Asiyeshusha gia hutegemea pedi peke yake, na harufu ya kuungua ndiyo itakayomwambia.

8. VINGINE KWA UFUPI

Taiming belti. Forester zenye injini ya EJ20, RAV4 za kizazi cha kwanza zenye 3S-FE na Harrier za V6 za 1MZ-FE zina belti ya mpira. Ibadilishwe kila kilomita 100,000, pamoja na wota pampu na roli zake, kwani kazi ya kufungua ni ileile. Injini za 2AZ-FE, MR20 za X-Trail na FB20 za Forester mpya zina cheni. Hiyo haina tarehe ya kubadilishwa, lakini maisha yake yanategemea oili safi.

Filta ya hewa. Barabara za vumbi huijaza mapema. Ikague kila kilomita 5,000 na uibadilishe kila 20,000, au mapema zaidi. Ukiipulizia upepo, pulizia kutoka ndani kwenda nje na kwa mgandamizo mdogo. Karatasi ikichanika, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Filta ya AC. Huwa nyuma ya droo iliyo mbele ya abiria. Bana pande zote mbili za droo, ishushe, vuta filta. Ukiona majani, nywele na vumbi jeusi, umeshaona hewa ambayo watoto wamekuwa wakiivuta. Gesi ya AC haitakiwi kuongezwa kila mwaka. Ikipungua, kuna mvujo, na mvujo ndio wa kutafutwa.

Plagi. Za kawaida kilomita 20,000, za iridiamu 100,000. Feki ziko nyingi sokoni, na bei ya kushangaza ndiyo dalili ya kwanza.

Betri. Joto la pwani hupunguza umri wake, na miaka mitatu minne ni kawaida. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa isome volti 12.6 hivi; ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.5. Maandishi kama 55D23L si mapambo. 23 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha upande wa vichwa. Ukinunua R mahali pa L, nyaya hazitafika.

Chini ya gari. Hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma, na gari lililotoka maeneo ya theluji ya Japani huenda limekuja na kutu, kwa sababu barabara za huko hunyunyiziwa chumvi. Lioshwe chini kila mwezi. Ndani ya boneti usipige maji ya mgandamizo kwenye nyaya na koili.

9. TAA ZA DASHIBODI

Taa nyekundu ni amri. Ya oili: zima injini papo hapo. Ya joto: egesha na uzime, kama ilivyoelezwa kwenye kulanti. Ya betri: gari halichaji, zima AC na redio uelekee gereji ya karibu. Ya breki: angalia kama breki ya mkono imeshushwa, kisha kiwango cha oili ya breki; ikiwa chini, usiendeshe.

Taa ya njano ya injini inakupa siku chache, haikupi miezi. Mwambie fundi apime kwa kompyuta, akupe namba ya hitilafu, uiandike kwenye daftari kabla hajaifuta. Taa iliyofutwa bila kutibiwa itarudi, na wakati huo ushahidi umepotea. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo huku injini ikitetema, punguza mwendo uende gereji. Petroli isiyoungua inaingia kwenye sailensa na kuunguza kichujio chake.

10. UNAPOKUWA GEREJI

Omba mambo manne kabla kazi haijaanza: bei ya kazi na ya spea kila moja peke yake, muda, aina ya spea (orijino, ya kampuni nyingine au ya mtumba) iandikwe kwenye risiti, na vilivyotolewa uoneshwe. Unaweza kusema tu, "Fundi, naomba zile za zamani unirudishie kwenye maboksi ya mpya." Fundi mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika amekuokolea fedha.

Ukienda mwenyewe kununua spea Gerezani, Kariakoo, chukua namba ya modeli na ya injini, na ikiwezekana spea ya zamani mkononi. Fundi aliyesoma VETA au aliyefundwa na gari la aina yako ana thamani kuliko gereji yenye bango kubwa. Pia, stika ya Nenda kwa Usalama iliyo kwenye kioo inaonyesha gari lilikaguliwa siku ile. Haifanyi kazi ya sevisi.

11. MVUA NA SAFARI NDEFU

Masika na vuli. Kagua raba za vaipa, taa zote na meno ya tairi kabla ya mvua kuanza. Urefu wa gari la juu humpa dereva ujasiri usio na msingi. Maji yakivuka nusu ya gurudumu, au yakiwa yanasukuma, geuza. Injini ikizimikia ndani ya maji, usijaribu kuiwasha. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta kwenye silinda, mkono wake hupinda. Lisukumwe, plagi zifunguliwe, maji yatolewe, na oili zote zikaguliwe.

Desemba. Kwa familia inayokwenda Moshi au Mbeya, kagua gari wiki moja kabla ili kama kuna spea ya kununua, muda uwepo. Pima oili, kulanti, upepo kwa uzito uliojaa kama stika inavyosema, pedi, betri, taa. Hakikisha una jeki, spana ya magurudumu, spea tairi yenye upepo, pembetatu mbili za tahadhari, kizimamoto ambacho tarehe haijapita, na lita tano za maji safi. Fungua boliti moja ya gurudumu ukiwa nyumbani, uone kama spana yako inaziweza. Boliti zilizokazwa kwa mashine humshinda dereva aliye peke yake usiku Same au Mikumi.

Gari la viti vitano libebe watu watano, kila mmoja na mkanda, na mtoto mdogo kwenye kiti chake nyuma. Mizigo mizito ikae chini ndani ya buti, siyo juu ya paa.

RATIBA YA KUKATA NA KUBANDIKA NDANI YA DAFTARI

Kila wiki: oili kwa kijiti, kulanti kwenye chupa yake, injini ikiwa baridi, tazama chini ya gari kama kuna mvujo.

Kila mwezi: upepo wa tairi tano, taa zote, honi na vaipa, kuosha chini ya gari.

Kila kilomita 5,000 au miezi sita: oili ya injini, filta yake na washa ya boliti, kukagua filta ya hewa, mikanda na hosipaipu.

Kila kilomita 10,000: kuzungusha tairi, kukagua pedi, bushi, boljointi na shokapu.

Kila kilomita 20,000: filta ya hewa, filta ya AC, plagi za kawaida.

Kila miaka miwili: oili ya breki, kulanti ya kawaida.

Kila kilomita 40,000: oili ya giaboksi yenye jina sahihi, oili ya difu na transfa.

Kila kilomita 100,000: taiming belti na wota pampu, kwa injini zenye belti, plagi za iridiamu.

Jaza hapa: Modeli ........ Injini ........ Giaboksi ........ Oili ya injini ........ Oili ya giaboksi ........ Saizi ya tairi ........ Upepo mbele/nyuma ........ Betri ........ Kilomita za sevisi ijayo ........

Nafasi hizi zikishajazwa, mwanafamilia yeyote anayeendesha anaweza kulipeleka gari gereji na kuagiza kinachotakiwa bila kukupigia simu.